Juu ya Tabia ya Kusoma: Mafunzo Kutoka Vitabu Vitatu vya Habari za Kweli

UTANGULIZI

Kada anayefundisha bila kusoma ni sawa na mtu anayewanywesha wenzake maji aliyochotewa na jirani: hajui kisima kiko wapi, wala hajui maji yenyewe yamelala mtungini siku ngapi. Hatusemi hivi ili kuwacheka wengine. Sisi wenyewe tumefanya kazi hiyo ya kunywesha kwa miaka mingi, na makala haya ni ya kujikosoa kabla ya kukosoa vitabu.

Tunayo desturi ya kusoma kurasa ishirini kila alfajiri kabla ya kazi, tukiwa na daftari pembeni. Tunasoma zaidi vitabu vya habari za kweli: wasifu wa watu, historia, masimulizi ya safari, na maelezo ya uchumi. Si kwamba riwaya na mashairi hayana mafunzo, la hasha. Lakini kazi ya kufundisha watu inatulazimisha tujue kwanza mambo yalivyokuwa, ndipo tuweze kuyatolea maelezo.

Desturi hii haikuanza kwa busara yetu. Ilianza kwa aibu. Katika semina moja tulizungumza kwa saa mbili juu ya biashara ya utumwa na kuingia kwa ukoloni. Tulipomaliza, mkulima mmoja wa pamba alisimama akauliza: "Ndugu mkufunzi, hao wafanyabiashara wenyewe walisemaje? Au na wao hawakujua kuandika?" Tukamjibu kwamba maneno ya mnyonyaji hayana faida kwa mnyonywaji. Watu wakapiga makofi. Lakini usiku ule tulijua kuwa makofi yale tumeyaiba. Ukweli ni kwamba wafanyabiashara hao walikuwa wameandika, tena kwa Kiswahili, na sisi tulikuwa hatujafungua hata ukurasa mmoja. Jibu letu halikuwa la kiitikadi. Lilikuwa jibu la uvivu lililovishwa nguo ya itikadi.

Katika makala haya tutavieleza vitabu vitatu kati ya vile tulivyovisoma tangu siku ile: kitabu cha mtu tuliyemhesabu kuwa adui, kitabu cha desturi za wazee, na kitabu cha rafiki. Kila kimoja kilitufundisha jambo juu ya mambo yaliyoandikwa ndani yake, na jambo jingine juu ya namna ya kusoma.

1. KITABU CHA ADUI

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja kiasi cha mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi, akazichapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 1966 zikatolewa na East African Literature Bureau kwa jina la Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe.

Tulikifungua kitabu hiki kwa nia ya kutafuta makosa. Jambo la kwanza lililotushangaza ni lugha yake. Ni lugha fupi, kavu, isiyo na mapambo. Ni lugha ya mtu anayetoa hesabu. Amekopa kwa nani, amepita wapi, amepigana na nani, amepata pembe frasila ngapi. Frasila moja ilikuwa kiasi cha kilo 16, na katika kitabu hiki pembe hupimwa kwa uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote.

Tuchukue mfano mmoja. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyopata wapagazi wa Kizaramo, na jinsi wapagazi hao walivyomtoroka njiani. Alirudi nyuma hadi vijijini kwao, akawakamata wazee na jamaa zao, akawafunga, akaondoka nao mpaka akapata watu wa kubeba mizigo yake. Kwa tendo hilo, asema, watu wakampa jina la Kingugwa, yaani chui, kwa sababu chui huvamia huku na huku bila kuchagua. Anayasimulia haya bila kujitetea, wala hajutii. Kwake yeye ni habari ya mfanyabiashara aliyekuwa na tatizo la usafirishaji akalitatua.

Mfano wa pili ni wa Utetera, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Huko alisikia habari za kale za wanawake wa ukoo wa mtawala waliochukuliwa mateka na maadui. Akadai kwamba nyanya yake alikuwa mmoja wao. Mtawala mzee, Kasongo Rushie, akampokea kama mjukuu aliyerudi nyumbani na kumkabidhi utawala wa nchi. Kwa dai hilo la nasaba alipata kile ambacho kingemgharimu baruti nyingi. Na hili nalo halifichi. Analisimulia kama mtu anavyosimulia biashara iliyokwenda vizuri.

Hapa ndipo tulipopata fundisho la kwanza. Tulikuwa tukiamini kuwa kitabu cha mnyonyaji ni uongo mtupu, kwa hiyo hakifai. Kumbe sivyo. Mnyonyaji huficha lile analolionea aibu, lakini hujisifia lile analoliona kuwa haki yake. Kwa kuwa Tippu Tip aliona kuwa kuwafunga wazee wa Kizaramo ni haki yake, ameacha ushahidi dhidi yake mwenyewe ambao hakuna adui yake yeyote angeweza kuuandika vizuri zaidi. Sisi tuliokataa kumsoma ndio tuliokuwa tukiuficha ushahidi huo.

Tulirudi kwa yule ndugu mkulima, tukamsomea ukurasa huo wa wapagazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi huyu amejishitaki mwenyewe." Lakini mwenzake aliyeketi karibu naye akauliza: "Na hao wazee waliofungwa, walirudi kwao?" Hatukuwa na jibu. Tulikipekua kitabu tena, na jibu hatukulipata. Pembe zina uzito na bei. Wapagazi wanahesabiwa kwa mamia, lakini karibu hawana majina. Tangu siku hiyo tukaongeza safu ya pili katika daftari letu. Safu ya kwanza ni ya mambo ambayo mwandishi anayasema. Safu ya pili ni ya mambo asiyoyasema, na watu asiowaita kwa majina.

Tusidhani pia kwamba Tippu Tip alikuwa mwisho wa mnyororo. Misafara yake iliendeshwa kwa mkopo, na mmoja wa wakopeshaji wake wakubwa alikuwa Taria Topan, tajiri wa Unguja. Mwaka 1876 alikutana na Stanley akakubali kumsindikiza kwa malipo, na baadaye maelezo yao juu ya malipo hayo hayakulingana. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Dola hiyo hiyo, katika vita vya mwaka 1892 hadi 1894, ikawavunja wafanyabiashara wenzake wa mashariki ya Kongo na kuichukua biashara ya pembe. Mtu aliyewatumia wengine kama ngazi, naye alitumiwa kama ngazi. Hayo hayamwondolei hatia, bali yanatufundisha kuuliza kila mara: juu ya huyu yupo nani?

2. KITABU CHA WAZEE

Kitabu cha pili tulikisoma kwa mapenzi, na kwa sababu hiyo tulikisoma vibaya zaidi. Ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Kinaeleza kuzaliwa kwa mtoto, malezi, jando na unyago, ndoa, ngoma, maradhi na uganga, kilimo, safari za bara, na sheria. Kwa msomaji wa Kiswahili ni hazina. Tuliposoma kurasa za ngoma na harusi tulisikia kama tumeketi barazani na babu zetu.

Katika furaha hiyo tulitenda kosa. Tulikichukua kitabu hiki hadi semina nyingine, tukakitumia kuthibitisha kwamba wazee wetu waliishi katika jamii isiyokuwa na matabaka, ambamo kila mtu alikuwa ndugu wa mwenzake. Mwanafunzi mmoja, msichana, aliomba kitabu hicho akisome usiku. Asubuhi akakirudisha kikiwa na kipande cha karatasi katikati. Karatasi ilikuwa kwenye maelezo ya utumwa. Hapo mwandishi anaeleza aina za watumwa, mzalia na mtumwa mgeni, na namna mtumwa alivyopaswa kujiweka mbele ya muungwana. Msichana yule hakusema neno mbele ya wenzake. Alitupa kitabu tu. Adabu yake ilituuma kuliko lawama.

Tujiulize: kwa nini hatukuiona sura ile? Tulikuwa tumeisoma. Macho yalipita juu ya maneno, lakini akili ilikuwa imekwisha kuamua itakachokikuta. Hii ndiyo hatari ya kusoma kwa kutafuta kuungwa mkono. Anayesoma hivyo hasomi kitabu. Anajisoma mwenyewe katika kioo.

Jambo hili si dogo kwa kada, maana linagusa nadharia yenyewe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya ujamaa akitilia mkazo udugu wa jamii ya jadi ya Kiafrika na kutokuwapo kwa matabaka ndani yake. Lakini katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, yeye mwenyewe alitaja wazi kasoro mbili za jamii hiyo ya jadi: unyonge wa mwanamke, na umaskini uliotokana na ujinga na udogo wa uzalishaji. Mwenye nadharia alikuwa tayari kuitazama tena. Sisi wanafunzi wake tulikuwa tunaishikilia sentensi ya mwanzo kama hirizi. Na kwa upande wa pwani, kitabu cha Desturi kinadai tuongeze kasoro ya tatu: kwamba mji wenye muungwana na mtumwa ni mji wenye mwenye jasho na mwenye kula jasho, hata kama wote wawili wanacheza ngoma moja.

Lakini kuna jambo jingine katika kitabu hiki, na hili liko kwenye jalada. Toleo la mwaka 1903 lilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, Berlin. Maneno mengi ya ndani ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika chuo hicho hicho tangu mwaka 1900. Wanafunzi wa chuo hicho walikuwamo maofisa waliokuwa wakijiandaa kuja kutawala koloni. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alipotaka kurudi nyumbani pamoja naye, wakuu wa koloni walimzuia, akalazimika kugeuza njia. Akafa Berlin mwaka 1927, mbali na Bagamoyo. Mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa juu ya kazi yake. Ilikuwa imepita miaka 78.

Habari hizi zinatulazimisha kukisoma kitabu upya. Mtoro anaandika kwa namna ya kusema kwamba desturi yao ni hivi na hivi. Kila kitu kimesimama kama picha ukutani. Msomaji anaweza kudhani kwamba pwani yote ilikuwa imetulia, wala hakuna kilichobadilika. Lakini mwandishi alitoka katika nchi iliyokuwa imeona vita vya Bushiri mwaka 1888 na 1889, na ambayo mwaka 1898 iliwekewa kodi ya nyumba na Wajerumani. Kwa nini picha imesimama? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu ya walioiagiza. Ofisa anayejiandaa kutawala anataka kujua desturi za watu. Hataki kusikia malalamiko yao. Mtoro alijibu maswali aliyoulizwa. Hatumlaumu. Mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake na wale wale waliokula matunda ya elimu yake hastahili lawama yetu.

Kwa hiyo tuliongeza safu ya tatu katika daftari: nani ameagiza kitabu hiki, nani amelipia uchapishaji, na kilikusudiwa kusomwa na nani. Tangu tuanze kuijaza safu hiyo tumegundua kwamba mara nyingi safu ya tatu ndiyo inayoieleza safu ya pili. Mwandishi hunyamaza pale ambapo mlipaji hataki kusikia.

3. KITABU CHA RAFIKI

Sasa tufikie kitabu ambacho kila kada amekisikia: How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney. Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942. Alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1966 hadi 1967, na tena 1969 hadi 1974. Kitabu kilitoka mwaka 1972, kikichapishwa London na Bogle-L'Ouverture na Dar es Salaam na Tanzania Publishing House, na A. M. Babu akakiandikia maneno ya mwisho. Tarehe 13 Juni 1980 Rodney aliuawa kwa bomu mjini Georgetown, akiwa na umri wa miaka 38.

Kitabu cha namna hii, cha mtu wa namna hii, kinaheshimika. Lakini heshima ina hatari yake. Tumeona nakala nyingi za kitabu hiki mikononi mwa wanafunzi. Aghalabu kurasa za mwanzo zimechakaa, zimepigiwa mistari, zimetiwa alama za kalamu. Kurasa za mwisho ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Wengi kati yetu tumekijua kitabu kwa jina lake tu. Jina lenyewe ni hoja kamili, na mtu mvivu huona kwamba akishika jina amekwisha kushika kitabu.

Hoja ya Rodney ni pana kuliko jina. Anaeleza kwamba maendeleo ya Ulaya ya kibepari na kudumaa kwa Afrika si mambo mawili yaliyotokea kwa bahati katika karne moja. Ni pande mbili za uhusiano mmoja. Sura ya tatu na ya tano zinaeleza mchango wa Afrika katika kukua kwa ubepari wa Ulaya, kabla ya ukoloni na wakati wa ukoloni. Sura ya nne na ya sita zinaeleza uhusiano huo huo ulifanya nini kwa Afrika. Mpangilio wa kitabu wenyewe ni hoja: anayesoma sura ya tatu akaiacha ya nne amesoma nusu ya sentensi.

Zaidi ya hayo, Rodney hakuwaachia Waafrika njia rahisi ya kujiondolea wajibu. Anawataja watawala wa Kiafrika walioshirikiana na wafanyabiashara wa watumwa. Anasema mapema kabisa kwamba kueleza dhambi za mfumo hakuondoi mzigo wa maendeleo katika mabega ya Waafrika wenyewe. Katika semina ngapi tumelisema hilo? Sisi tunakiri kwamba kwa miaka mingi tulilinyamazia, kwa sababu kulaumu aliye mbali hakuna gharama, na kumlaumu aliye karibu kuna gharama kubwa.

Liko jambo jingine dogo ambalo kwetu lina uzito. Kila sura ya Rodney inafungwa kwa mwongozo mfupi wa vitabu vya kusoma zaidi, pamoja na maoni yake juu ya vitabu hivyo. Maana yake ni wazi: mwandishi hakutaka kuwa mwisho wa safari. Alisimama njia panda akaonyesha kwa kidole. Sisi tukakishika kidole, tukaacha njia.

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kukikosoa kitabu cha rafiki kwa ukali ule ule tulioutumia kwa adui. Kitabu kinachozungumzia bara zima kwa karne tano hakiwezi kumwona mtu mmoja mmoja. Kinaona mikondo mikubwa ya mali na kazi, nacho kinaiona vizuri. Lakini mtu wa kati, yule mfanyabiashara wa pwani aliyekopa Unguja na kupigana bara, anapita haraka. Mpagazi wa Kizaramo aliyeamua kutoroka usiku, na kwa kutoroka kwake akaukwamisha msafara mzima, hamo. Asipokuwamo huyo, msomaji asiye mwangalifu anaweza kudhani kwamba historia ni kazi ya Ulaya peke yake, na kwamba Mwafrika alikuwa mtu wa kutendwa tu. Rodney hakuamini hivyo. Maisha yake na kifo chake vinashuhudia. Lakini kitabu kinaweza kusomwa hivyo, na tumekisikia kikisomwa hivyo.

4. KUVIKUTANISHA VITABU

Baada ya kusoma kitabu kimoja kimoja, tuliona kwamba faida kubwa inapatikana pale vitabu vinapokutanishwa, kama mashahidi wawili mbele ya baraza la wazee.

Tippu Tip anatuambia pembe zilitoka wapi na zilipatikanaje. Hatuambii vya kutosha zilikwenda wapi. Rodney anatusaidia kuuliza swali hilo. Pembe za Unguja zilisafirishwa Bombay, London na Marekani. Katika jimbo la Connecticut, miji midogo ya Deep River na Ivoryton ilikua kwa kazi ya kuchonga vibao vya piano kutokana na pembe hizo. Nguo zilizokuwa zikirudi bara mabegani mwa wapagazi zilifumwa kwa muda mrefu katika viwanda vya Massachusetts, na ndiyo maana hata leo nguo hiyo tunaiita merekani. Neno tunalolitamka kila siku dukani ni ukurasa wa historia ya uchumi.

Vivyo hivyo kwa utumwa. Rodney anashikilia kwamba ile iliyoitwa biashara ya utumwa ya Waarabu haiwezi kutengwa na soko la Ulaya: watumwa wengi wa Afrika ya Mashariki walipelekwa katika mashamba ya Wazungu ya Mauritius, Réunion na Ushelisheli, na karafuu za Unguja zililimwa kwa ajili ya soko la dunia. Hoja hiyo ni ya kweli na ya lazima. Lakini Mtoro anatuonyesha kwamba si kila mtumwa alikwenda shambani kwa ajili ya soko la mbali. Wengine walikuwa ndani ya nyumba za mji wetu wenyewe, na muungwana wa Bagamoyo hakumngoja Mzungu amfundishe kuamkiwa. Anayemsoma Rodney peke yake anaweza kumsahau muungwana. Anayemsoma Mtoro peke yake anaweza kulisahau soko la dunia. Anayewasoma wote wawili hana kisingizio.

Linabaki swali la yule ndugu wa semina: wazee wale walirudi kwao? Hakuna kati ya vitabu hivi vitatu kinacholijibu. Hapa tunafikia mpaka wa kusoma. Wako watu ambao hawakuandika na hawakuandikwa. Lakini hata hilo lina mfano wa kutuongoza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kusini na mashariki ya nchi kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya maandishi yaliyojulikana juu ya vita hivyo ilikuwa ya Wajerumani na ya wamisionari. Wazee wale, ambao wengi walikuwa watoto au vijana wakati wa vita, walieleza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida, safari za kwenda Ngarambe kwa Kinjeketile, na njaa iliyofuata. Wanafunzi wale walikuwa wamesoma, wakaona safu ya pili iko tupu, wakaenda kuijaza. Wangechelewa miaka ishirini wasingemkuta mtu wa kumwuliza.

HITIMISHO

Kutokana na hayo tunapenda kusisitiza mambo manne kwa makada na wanafunzi.

Kwanza, tusikatae kitabu kabla ya kukisoma. Kumkataa mwandishi ni haki yetu, lakini haki hiyo inapatikana baada ya ukurasa wa mwisho.

Pili, kitabu cha rafiki kisomwe kwa ukali kuliko cha adui. Adui tunamkesha; rafiki tunamlalia. Kosa la adui hatulibebi, lakini kosa la rafiki tunalirithi na kulifundisha kwa watoto wetu.

Tatu, kila msomaji awe na daftari lenye safu tatu: anachosema mwandishi, asichosema, na nani ameagiza. Safu hizi hazihitaji elimu ya juu. Yule mkulima wa pamba, yule mwenzake, na yule msichana aliyetia karatasi katikati ya kitabu walizitumia kabla yetu, bila daftari. Walizitumia kwa sababu hawakuwa na heshima ya mkufunzi ya kuilinda.

Nne, msomaji awe tayari kuwa mwandishi. Wazee waliosimulia Maji Maji mwaka 1968 wamekwisha kufa. Wazee wa leo ni wale waliohamishwa katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, waliopanga foleni ya sukari na sabuni miaka ya 1980. Katika hao wapo waliofaidika na wapo walioumia, na wote wawili wanazo habari. Tukiwaacha waende bila kuwauliza, mtu wa kesho atafungua vitabu vya wakati wetu akute hotuba zetu na takwimu zetu, lakini asikute jina la mtu aliyebeba mzigo.

Sisi tumekwisha kuanza. Kila Jumamosi alasiri tunakwenda kwa mzee mmoja na daftari lile lile. Mzee wa kwanza alitukemea kwa nusu saa, akituuliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Tukayaandika hayo pia, katika safu ya kwanza.